Moodle kwa wahadhiri na wakufunzi wa ualimu: inapofaa, inapokwama na sababu zake

Moodle ndio mfumo wa kujifunzia mtandaoni uliozoeleka zaidi katika vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinautumia, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinautumia, na vyuo vingi vidogo vimeuweka kwenye seva zao kwa sababu hauna ada ya leseni. Ulitengenezwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2002. Swali la tathmini hii si kama mfumo unafanya kazi, maana unafanya. Swali ni kama mwanachuo aliyeutumia semesta nzima anajifunza vizuri kuliko yule aliyepewa kijitabu cha kwenda kutoa kopi.

Kwa namna unavyotumika katika kozi nyingi, jibu ni hapana. Ukifungua ukurasa wa kozi ya kawaida utakuta slaidi za wiki ya kwanza hadi ya kumi na tano, mtaala wa kozi, na pengine sehemu moja ya kuwasilishia kazi. Hiyo ni kabati ya mafaili, na kwa kazi hiyo hata kundi la WhatsApp linatosha. Thamani ya Moodle iko kwenye vipengele viwili ambavyo wahadhiri wengi hawavigusi: jaribio linalotoa mrejesho papo hapo, na kipengele cha wanachuo kutathmini kazi za wenzao. Hivyo viwili ndivyo vinavyogusa tatizo kubwa la ufundishaji wa elimu ya juu hapa kwetu. Mhadhiri mmoja ana watu mia kadhaa ukumbini, anasahihisha kazi mbili kwa semesta, na mwanachuo anagundua alichokuwa hajaelewa baada ya mtihani wa mwisho.

Jaribio

Hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote, na ndicho kinachoharibiwa na mpangilio mmoja tu. Mwalimu anapotengeneza jaribio, mfumo unamwekea moja kwa moja utaratibu wa mtihani: mwanachuo anajibu yote, anawasilisha, ndipo anaona matokeo. Kwa kujifunza, badilisha uchague utaratibu wa majaribio mengi kwa kila swali. Hapo mwanachuo anajibu, anabonyeza kuhakiki, akikosa anapewa dokezo na nafasi nyingine.

Kuna mtego hapa. Idadi ya nafasi haiwekwi kwenye jaribio, inatokana na madokezo yaliyoandikwa ndani ya kila swali. Madokezo mawili yanatoa nafasi tatu, na bila dokezo nafasi ni moja tu. Mwalimu anayebadili mpangilio bila kuandika madokezo ataona mwanachuo hapewi nafasi ya pili, atadhani mfumo umeharibika. Angalia pia adhabu. Kila nafasi iliyokosewa inakata theluthi ya alama za swali isipokuwa ukibadili mwenyewe. Kwa zoezi la kujifunza theluthi ni nyingi, weka asilimia 10.

Maswali yenyewe yanaandikwa haraka kwa mtindo wa Aiken, ambao ni faili la maandishi matupu. Swali moja la kozi ya upimaji kwa walimu linaonekana hivi:

Mwalimu wa Darasa la Tano anataka kujua kama wanafunzi wameelewa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kabla hajaendelea. Afanye nini?
A. Awaulize wote kwa pamoja kama wameelewa
B. Awape swali moja waandike jibu kwenye daftari, apite akiangalia
C. Amwite ubaoni mwanafunzi aliyezoea kunyoosha kidole
D. Awape maswali kumi ya kufanya nyumbani
ANSWER: B

Masharti ni machache lakini hayana msamaha. Swali lote likae kwenye mstari mmoja, hata likiwa refu. Herufi za majibu ziwe kubwa, zifuatwe na nukta na nafasi. Neno la mwisho liwe kwa herufi kubwa zote na nukta mbili. Faili lihifadhiwe kama maandishi matupu kwa usimbaji wa UTF-8. Makosa yanayojirudia ni mawili. Kwanza, mtu ameandika kwenye Word akaacha programu imwekee herufi zake yenyewe, kisha akahifadhi faili kama docx na kupakia hilo hilo. Pili, amebonyeza Enter katikati ya swali ili lipendeze kwenye kioo. Mfumo unakataa faili na kutaja mstari wenye kosa, kwa hiyo usifute kila kitu, nenda moja kwa moja kwenye mstari huo.

Aiken haibebi madokezo. Ukishapakia maswali, fungua kila moja kwenye benki ya maswali uongeze madokezo kwa mkono. Hapa ndipo kazi ya ualimu ilipo. Dokezo linalosema "umekosa, jaribu tena" halimfundishi mtu. Dokezo huonekana kwa yeyote aliyekosa bila kujali alichochagua, kwa hiyo maneno ya aliyechagua A kwenye swali la hapo juu yaandikwe kwenye mrejesho wa jibu A lenyewe, mfano: "Wanafunzi 70 wakiitikia 'Ndiyo mwalimu', umejua nini kuhusu aliyekaa dawati la mwisho?" Kuandika maneno ya namna hiyo kunamtaka mhadhiri ajue ni kwa nini mtu mwenye akili timamu angechagua jibu hilo lisilo sahihi. Asiyejua hilo hajaijua kozi yake vya kutosha, na hilo linamhusu hata mwenye shahada tatu.

Baada ya jaribio, nenda kwenye ripoti ya takwimu. Tazama safu mbili tu. Ya kwanza inaonyesha asilimia ya waliopata swali. Ya pili inaonyesha kama swali linatofautisha waliofanya vizuri kwenye jaribio zima na waliofanya vibaya. Ikiwa namba ya safu ya pili ni hasi, waliofaulu ndio waliolikosa swali hilo, na mara nyingi sababu ni kwamba jibu sahihi liliwekwa vibaya au swali lina majibu mawili yanayokubalika. Lirekebishe, kisha uamuru mfumo usahihishe upya. Swali lililopatwa na asilimia 15 tu huku safu ya pili ikiwa chanya ni habari nyingine: mada hiyo haikueleweka, irudie kwenye kipindi kijacho. Kwa darasa la watu 20 namba hizi hazina uzito. Kwa darasa la 300 ni dhahabu, na karatasi haziwezi kukupa kitu hiki bila wiki nzima ya kuhesabu.

Kutathminiana andalio la somo

Kwa vyuo vya ualimu, sehemu iitwayo Workshop ndiyo inayostahili kupiganiwa. Mwanachuo anawasilisha andalio la somo, anapewa maandalio ya wenzake ayatathmini kwa vigezo, kisha anapata alama mbili: ya andalio lake na ya ubora wa tathmini yake. Mgawo ambao mfumo unakuja nao ni 80 kwa 20. Kwa walimu tarajali tunaona 60 kwa 40 ni bora zaidi, kwa kuwa kusoma kazi ya mtu na kuipima kwa haki ndiyo kazi watakayoifanya maisha yao yote.

Shughuli hii ina awamu tano: maandalizi, uwasilishaji, tathmini, ukokotoaji wa alama, na kufunga. Mfumo hauhami kutoka awamu moja kwenda nyingine wenyewe isipokuwa umeuamuru. Kosa kubwa kuliko yote ni mkufunzi kuweka tarehe za mwisho, halafu tarehe ikapita na wanachuo wakakuta hawana cha kutathmini. Tarehe inafunga mlango wa kuwasilisha, lakini haigawi kazi. Kwa hiyo weka tiki ya kuhamia awamu ya tathmini pale muda wa kuwasilisha unapokwisha, na kwenye ugawaji chagua ule uliopangiwa muda. Bila vyote viwili utalazimika kuingia mwenyewe usiku wa manane.

Gawa maandalio matatu kwa kila mtu. Yakiwa mawili na watathmini wakatofautiana, mmoja akatoa 9 na mwingine 4, hakuna wa tatu wa kuonyesha nani yuko karibu na ukweli, na alama ya kutathmini inakosa maana. Kama wanachuo wamepangwa kwenye vikundi, washa kizuizi cha kutotathmini mwenzako wa kikundi kimoja. Majina ya wenye kazi yanaweza kufichwa kwa kubadili ruhusa za wanachuo ndani ya shughuli hiyo. Lifanye hilo, la sivyo rafiki atampa rafiki 10.

Vigezo ndivyo vinavyoamua kama zoezi litafundisha. Kigezo cha "malengo yameandikwa vizuri" kitapata 8 kwa kila mtu. Andika vigezo vinavyoweza kuonekana kwenye karatasi. Je, safu ya shughuli za mwanafunzi ina kitendo anachokifanya mwanafunzi, au imejaa "kusikiliza" na "kujibu maswali"? Je, kigezo cha upimaji kinapima umahiri uleule uliotajwa juu? Je, zana iliyotajwa inapatikana katika shule ya kijijini isiyo na umeme? Je, jumla ya dakika za hatua zote inalingana na muda wa kipindi? Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini maandalio yenye jumla ya dakika zisizolingana na kipindi ni mengi ajabu, na mwenzako anayakamata kwa sekunde kumi.

Kabla ya yote, weka maandalio mawili ya mfano, moja zuri na moja bovu, na walazimishe wanachuo wayatathmini kwanza. Watalinganisha alama zao na za mkufunzi. Ukiruka hatua hii utapata alama za kubahatisha.

Kazi za kuwasilisha

Hapa kuna kero tatu, na zote zinatatulika: mbili za kwanza na fundi wa seva akitaka, ya tatu na mhadhiri mwenyewe.

Mwanachuo anayeandika kwa mkono hupiga picha kwa simu. Picha moja ni megabaiti 3 hadi 5. PHP, lugha iliyoandikiwa Moodle, inakuja na ukomo wa megabaiti 2 kwa faili, na kama hakuna aliyeugusa, kila picha itakataliwa. Mwalimu akipandisha ukomo kwenye kozi yake hakuna kitakachobadilika, kwa sababu ukomo wa seva ndio unaotawala. Fundi apandishe vipimo viwili kwa pamoja, cha faili na cha jumla ya kile kinachotumwa kwa mkupuo mmoja, na cha pili kiwe kikubwa kuliko cha kwanza. Kwa upande wake mwanachuo atumie programu ya kuskani nyaraka kwenye simu, kurasa zote ziwe PDF moja yenye rangi ya kijivu.

Ya pili: Moodle inamwezesha mhadhiri kuandika maoni juu ya PDF yenyewe, kama kwa kalamu nyekundu. Wengi hawajawahi kuiona sehemu hiyo kwa sababu inahitaji programu ya Ghostscript kwenye seva, na haikuwekwa. Kazi za Word nazo zinahitaji kigeuzi kingine ili zionekane kama PDF. Suluhisho la bei ya bure ni kuagiza kazi zote ziletwe kwa PDF.

Ya tatu ni umeme na mtandao wakati wa kusahihisha. Pakua kazi zote kwa pamoja pamoja na jedwali la alama, sahihisha ukiwa nyumbani bila intaneti, jaza alama na maoni kwenye jedwali, kisha lipakie. Usibadilishe safu ya kwanza yenye namba za utambulisho na usibadilishe majina ya safu, vinginevyo alama zitakataliwa au hazitaingia.

Bando

Saa moja ya mhadhara kwa sauti, ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 29 hivi. Ikiwa kilobiti 32, ambayo kwa sauti ya mtu mmoja inaeleweka vizuri, ni megabaiti 14. Video ya saa hiyohiyo hata kwa ubora wa chini inakwenda megabaiti mia kadhaa. Mhadhiri anayepakia video ya uso wake akisoma slaidi anawatoza wanachuo bando bila kuwaongezea chochote. Slaidi za PDF na faili la sauti vinatosha kwa sehemu kubwa ya mihadhara. Video iwe kwa kile ambacho lazima kionekane: jaribio la kemia, uandishi wa herufi ubaoni, lugha ya alama.

Programu ya Moodle ya simu ni nzuri na inaruhusu kupakua kozi ili isomwe bila mtandao, ingawa mpango wa bure unaweka ukomo wa idadi ya kozi. Jaribio nalo linaweza kufanywa nje ya mtandao na kutumwa baadaye, kwa masharti: lisiwe na kikomo cha dakika, na liwe la utaratibu wa mrejesho wa mwisho, yaani ule wa mtihani. Kwa hiyo lile jaribio la madokezo tulilolisifu hapo juu halifanyiki bila mtandao. Huo ni upungufu wa kweli, na kwa mwanachuo aliyeko kwenye mazoezi ya kufundisha maeneo yasiyo na mtandao wa uhakika unauma.

Siku ya jaribio seva inapolala

Kanuni inayotolewa na watengenezaji wenyewe ni watumiaji 10 hadi 20 kwa wakati mmoja kwa kila gigabaiti 1 ya RAM. Watu 600 wakibonyeza kuanza saa 4:00 kamili wanahitaji gigabaiti 30 hadi 60. Seva ya chuo yenye gigabaiti 8 haina ubavu huo, na kumlaumu fundi hakusaidii. Kabla ya kuomba fedha za seva mpya, gawa darasa kwenye vikundi sita na upe kila kikundi muda wake kwa kutumia ruhusa maalumu za vikundi ndani ya jaribio. Maswali yachotwe kwa bahati nasibu kutoka benki ili kikundi cha mwisho kisijue kila kitu kutoka kwa cha kwanza. Weka maswali matano kwa ukurasa: swali moja kwa kila ukurasa linazidisha safari za kwenda kwenye seva. Majibu yanajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika moja hivi, kwa hiyo anayekatikiwa na umeme hapotezi yote akirudi kabla ya muda kwisha.

Baruapepe za matangazo zisipofika, uliza kwanza kama ile kazi ya chinichini ya seva (cron) inayotakiwa kujiendesha kila dakika inajiendesha. Na tangazo kuchelewa nusu saa ni kawaida, maana mwandishi anapewa dakika 30 za kulirekebisha kabla halijatumwa.

Kitabu cha alama

Hiki ndicho kipengele kinachotuudhi zaidi. Mfumo unakuja ukiwa umeamriwa kuacha alama tupu nje ya hesabu. Mwanachuo aliyefanya jaribio moja kati ya matano akapata 9 kati ya 10 anaona asilimia 90, anapumzika, na mwisho wa semesta anashangaa. Ondoa tiki ya kuacha alama tupu, au jaza sifuri kila tarehe inapopita. Kwa mgawo wa 40 wa kazi za kozi na 60 wa mtihani wa mwisho, tengeneza fungu moja tu la kazi za kozi lenye jumla ya 40, na mtihani uuache kwenye mfumo wa matokeo wa chuo. Kuunganisha vyote ndani ya Moodle kunazaa mabishano.

Isichoweza

Moodle haimfundishi mtu kusimama mbele ya wanafunzi 90. BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) na mazoezi ya kufundishana ukumbini hayana mbadala. Inachoweza ni kusaidia maoni yafike kabla mkaguzi hajafika. Video ya dakika 10 kwa ubora wa juu wa simu inaweza kuzidi gigabaiti 1, na haitapakiwa popote. Mwambie mwanachuo arekodi dakika 3 tu, zile za kuuliza maswali darasani, kisha aipunguze hadi megabiti 1 kwa sekunde. Inakuwa megabaiti 23 hivi. Dakika tatu hizo zinaonyesha anampa mwanafunzi sekunde ngapi za kufikiri, anamwita nani, na anafanya nini na jibu lililokosewa. Wanafunzi wasionekane nyuso, na mkuu wa shule aombwe ruhusa kwanza.

Google Classroom ni rahisi zaidi kuanza nayo na inatosha kwa mkufunzi mmoja asiye na fundi, lakini haina benki ya maswali ya kiwango hiki wala takwimu za kila swali zenye kina hiki. Kwa chuo kizima, tunapendekeza Moodle.

Gharama yake ya kweli ni saa za mhadhiri. Maswali 40 yenye madokezo mazuri yanakula siku kadhaa za kazi, na kupanda cheo kunategemea zaidi machapisho. Chuo kisichohesabu benki ya maswali kama kazi kitaendelea kupata PDF. Ila vyuo vya ualimu vina faida ambayo vyuo vikuu havina: vya serikali ni 35 na vinafuata mtaala mmoja. Kila chuo kikichukua mada moja na kuandika maswali 40, yapo 1,400. Yatolewe kwenye benki kwa mtindo wa XML, ambao tofauti na Aiken unabeba madokezo na mrejesho wote, yatumwe hata kwa WhatsApp, na kila chuo kiyapakie kwenye kategoria yake. Faili la maswali 40 yasiyo na picha halifiki hata megabaiti moja.